Gundi za Kuziba Fitingi za Tangi la Mafuta kwenye Ndege ya Kujiundia: Ipi Inunuliwe Kwanza

Katika ndege za RV, zinazouzwa kama vifurushi vya kujiundia na kampuni ya Van's Aircraft ya Oregon, Marekani, tangi la mafuta halina mfuko wa mpira ndani yake. Kwa aina nyingi za ndege hizo, tangi ni sehemu ya mbele ya bawa lenyewe, mabati ya alumini yaliyounganishwa kwa ribiti (misumari ya kubania mabati) na kuzibwa kwa gundi. Ribiti ni nyingi, lakini zikishapigwa na kuzibwa vizuri hazifunguliwi tena. Fitingi, yaani viungio vya mabomba na vifaa vinavyofungwa kwenye tangi, hali yake ni nyingine. Bomba la kutolea mafuta, bomba la kupumulia, geji yenye boya na valvu ya kutolea maji iliyo chini kabisa, vyote hukazwa kwa spana, hutikiswa na injini, na siku moja lazima vifunguliwe. Ndiyo maana anayepanga bajeti ya gundi aanze na fitingi. Mpangilio ufuatao ni wa tangi la alumini. Matangi ya fibaglasi yana kanuni zake na sitayagusa hapa.

Nafasi ya kwanza, bila ushindani, ni ya polisulfidi (gundi ya mpira bandia) ya sehemu mbili inayokidhi kiwango cha AMS-S-8802, kilichojulikana zamani kama MIL-S-8802. Chapa zinazopatikana kwa urahisi kwa wauzaji wa vifaa vya ndege ni PR-1440 ya PPG na CS3204 ya Flamemaster, na kwa kazi hii sioni sababu ya mnunuzi kukosa usingizi kwa kuchagua kati yake. Kinachostahili kuangaliwa kwa makini ni herufi, namba na tarehe. Herufi A huonyesha gundi nyepesi ya kupakwa kwa brashi, B ni nzito ya kujazia pembe na kuzunguka fitingi, na C ni ya kutandazwa baina ya mabati mawili kabla hayajabanwa. Kwa A na B, namba inayofuata ni saa ambazo gundi hubaki inafanyika kazi baada ya kuchanganywa. Kwa fitingi, nunua B-2.

Hizo saa mbili, hata hivyo, hupimwa kwenye nyuzi 25 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 50. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila joto linapopanda kwa nyuzi zipatazo tano na nusu, muda huo hupungua kwa nusu, na unyevu mwingi huzidi kuufupisha. Kwa hiyo anayefanya kazi Nairobi asubuhi ya baridi atapata zaidi ya saa mbili, ilhali mwenzake wa Mombasa au Dar es Salaam, ndani ya banda la mabati mchana wa Februari, atajikuta na chini ya saa moja, na gundi ya B-1/2, ambayo huwavutia wengi kwa sababu hukauka upesi, ingemgandia kwenye kijiti kabla hajamaliza fitingi ya pili.

Kuhusu tarehe niseme wazi: ni muhimu kuliko chapa, na ni muhimu kuliko bei. Polisulfidi huhesabiwa maisha yake kwa miezi, hata kopo likiwa halijafunguliwa, na joto la ghala humaliza miezi hiyo kabla ya wakati. Muuzaji aliye ng'ambo anaweza kutuma kopo lililobakiza wiki chache, kisha likakaa forodhani likioka. Kabla ya kulipa, omba kwa maandishi tarehe ya mwisho ya shehena utakayotumiwa, na uagize pale tu tangi linapokuwa tayari kuzibwa. Punguzo kubwa la bei kwenye bidhaa hii mara nyingi humaanisha tarehe imekaribia.

Kuna pia suala la ukubwa wa kifungashio. Kopo kubwa lina bei nafuu kwa kila gramu na linafaa kwa anayeziba tangi zima, lakini humlazimu mnunuzi kuwa na mizani inayosoma gramu, kwa kuwa chapa nyingi huchanganywa kwa uzito, sehemu 10 za msingi kwa sehemu 1 ya kikolezo (kinachoigandisha), na kukadiria kwa macho hakufai. Kwa fitingi peke yake ningenunua katriji ndogo, ambayo sehemu zote mbili zimekwisha kupimwa na huchanganywa ndani kwa kusukuma na kuvuta fimbo yake. Kwa njia yoyote ile, msingi ni mweupe na kikolezo ni cheusi: paka tone dogo juu ya kipande cha kioo, lisambaze kwa ubapa wa kisu, na ukiona hata uzi mmoja mweupe, endelea kuchanganya.

Katika hesabu hiyohiyo weka asetoni, vitambaa visivyoacha nyuzinyuzi, na sandapapa laini. Bati lililong'arishwa halishiki gundi. Likwaruzwe, lipanguswe kwa kimumunyisho, na kimumunyisho kifutwe kwa kitambaa kingine kikavu kabla hakijajikausha chenyewe, kwa maana kikijikausha huacha uchafu palepale ulipokuwa.

Nafasi ya pili naipa oringi (pete za mpira za kuzibia), pamoja na fitingi zenye hesi (mikato ya skrubu) iliyonyooka zinazokaliwa na oringi hizo. Mpira wa nitrili unatosha kwa petroli ya ndege ya 100LL. Hata hivyo, wenye injini za Rotax 912, ambazo zimeruhusiwa kutumia petroli ya magari, hata yenye ethanoli hadi asilimia 10, wanunue za fluorokaboni, maarufu kwa jina la Viton. Tofauti ya bei ni ndogo mno kwa oringi chache, na sioni hoja ya kubana hapo.

Ya tatu ni pasti ya hesi, na hii ni kwa hesi za mchongoko za NPT, kiwango cha Marekani cha hesi za mabomba, pekee. Hesi hizo hupungua kipenyo kwa uwiano wa 1 kwa 16, hubanana kadiri zinavyokazwa, lakini huacha njia nyembamba ya mzunguko ambayo mafuta huifuata hadi nje, hivyo haziwezi kuachwa kavu. Loctite 567 hufanya kazi nzuri. Ila igande kwa muda ulioelekezwa, kwani kwenye alumini huganda polepole, na isiguse plastiki. EZ Turn, ambayo ni grisi isiyoyeyuka kwenye petroli na isiyoganda kamwe, inafaa kwa fitingi zitakazofunguliwa mara kwa mara, na tyubu moja humfaa mtu kwa miaka. Iwe ipi, acha hesi moja au mbili za mwanzo bila kupakwa ili isiingie kwenye mafuta. Fitingi za AN (kiwango cha fitingi za ndege) zenye uso wa koni wa nyuzi 37 hazihitaji chochote kwenye koni hiyo, kwa kuwa huziba chuma kwa chuma. Ukinunua kwenye duka la vipuri vya magari, hakikisha hujauziwa zile za nyuzi 45, ambazo hufanana nazo kwa mbali na haziwezi kuziba zikikutanishwa nazo.

Aviation Form-A-Gasket No. 3 ya Permatex naiweka ya nne. Inapatikana kirahisi na haiathiriwi na petroli safi, lakini kimumunyisho chake ni alkoholi, jambo linalonifanya niiepuke kabisa mahali ambapo petroli yenye ethanoli inaweza kutumika.

Vitatu visinunuliwe hata vikitolewa bure. Silikoni ya kawaida ya dukani hufura ikilowa petroli na kubanduka. Tepu nyeupe ya mafundi bomba hukatika vipande vinavyokwenda kukaa kwenye chujio au kwenye jeti ya kabureta. Na ile gundi ya kumiminwa ndani ya tangi kisha tangi likatikiswa ili ienee imekwisha kuwabandukia wengi na kuziba tundu la kutolea mafuta. Tangi linalovuja hutafutwa mahali linapovuja, likakwanguliwa na kuzibwa hapo.

Mwisho, ongeza puto na sabuni ya maji, ambavyo ni vya bei ndogo kuliko vyote. Subiri gundi ikomae, siku tatu hivi kwa B-2 kwenye nyuzi 25, ndipo uvalishe puto kwenye bomba la kupumulia, upulize tangi kwa pampu ya baiskeli, na kupaka povu kwenye kila fitingi. Kompresa ikae mbali: presha ya pauni moja tu kwa inchi ya mraba husukuma bati la futi moja ya mraba kwa pauni 144, karibu kilo 65, na tangi huharibika bila onyo. Fanya jaribio hili alfajiri au jioni, tangi likiwa kivulini, maana jua likilipiga hewa ya ndani hutanuka, na puto litabaki limesimama hata kama kuna fitingi inayovuja.