Meli ndani ya chupa: nimeijaribu seti ya 145,000 hapa Dodoma

Tumeanza? Haya. Hamjambo wote. Leo mezani hakuna simu, hakuna spika, wala ile pasi ya mvuke mnayonidai tangu mwezi uliopita. Pasi itakuja. Leo kuna boksi hili, na kuna chupa hii hapa. Mpwa wangu, sogeza kamera. Karibu zaidi, usitikisike. Mnaona? Ndani ya chupa kuna chombo. Kina mlingoti, kina tanga, kinaelea juu ya maji ya buluu. Shingo ya chupa nimeipima kwa ndani, ni milimita 18 na kidogo. Foromali peke yake, huu mti mrefu ulioshika tanga, una sentimita 6. Kila aliyeingia sebuleni hapa kwangu Nkuhungu ameuliza swali moja: imepitaje?

Jirani mmoja ana hakika nimekata kitako cha chupa nikakirudishia kwa gundi. Kijana wa bodaboda naye akasema nimeijengea humo humo, kijiti kimoja kimoja. Huyo hakukosea sana, maana wapo mafundi wanaojengea ndani kweli. Ila boksi hili halitumii njia hiyo, na mimi subira hiyo sina.

Tuanze na boksi. Niliagiza mtandaoni, ikapitia Dar, nikaja kuichukua kwenye basi pale stendi ya Nanenane. Jumla, pamoja na usafirishaji, 145,000. Ndani mna chupa ya kioo cheupe, kizibo, gogo dogo la mbao laini lililochongwa tayari umbo la meli, vijiti vya milingoti mitatu, matanga ya karatasi, waya mwembamba, kibuyu... samahani, kichupa cha supagluu, udongo wa buluu kwenye mfuko, uzi, kibano kirefu, na karatasi ya maelekezo. Hiyo karatasi ina picha ndogo kama stempu. Nilimwita huyu mpwa wangu, ana macho ya miaka 15, na yeye akashindwa.

Sasa siri yenyewe, na hapa ndipo hela yenu inapokwenda, kwa hiyo sitaharakisha. Meli unaijengea nje, mezani, nzima kabisa. Bodi lake lazima liwe jembamba kuliko shingo. Hili la seti lina milimita 15. Milingoti haikupigiliwa. Tazameni hapa chini: mlingoti umetobolewa tundu kitakoni, waya umepita kwenye tundu, ncha zake mbili zimezama kwenye sitaha. Hiyo ni bawaba. Ni bawaba kama ya mlango wako wa jikoni, isipokuwa hii ukipiga chafya unaitafuta chini ya kochi. Kwa bawaba hiyo mlingoti unalala kuelekea tezi, nyuma, unalala kabisa juu ya sitaha. Kutoka kichwani kwa kila mlingoti unatoka uzi, unapita kwenye kitundu huku omo, mbele, halafu unabaki mrefu unaning'inia.

Chombo kinaingia kinyumenyume. Tezi ndiyo inatangulia, milingoti imelala, matanga umeyakunja kuzunguka bodi kama sambusa, na nyuzi zinabaki nje ya mdomo wa chupa. Ukishakikalisha kwenye udongo wako wa buluu, ukangoja kishike, unavuta nyuzi taratibu. Milingoti inasimama yenyewe. Unatia tone la gundi kwenye kitundu cha omo, unangoja tena, halafu unakata nyuzi kwa kipande cha wembe ulichokifunga kwenye ncha ya waya mrefu.

Nimeyaeleza kwa dakika moja. Mimi yalinichukua wiki tatu, na meli ya kwanza nikaiua.

Nitawaambia niliiuaje. Ndani ya seti kuna supagluu, na maelekezo yanakwambia uitumie. Nikaitumia, nikakata nyuzi, nikaziba kizibo kwa furaha, nikaenda kulala. Asubuhi nakuta chupa ina ukungu mweupe ndani, kama kioo cha basi la alfajiri. Nikadhani ni unyevu. Nikaianika juani, na jua la Dodoma mnalijua, mwezi wa nane halina mchezo. Ukungu haukutoka. Kumbe mvuke wa supagluu unaganda kwenye kioo, unaacha utando mweupe, na mle ndani huwezi kuingiza kitambaa ukafuta bila kuangusha milingoti. Ndiyo hii hapa. Mnaona kivuli cha meli? Mimi naiita meli ya Mafia wakati wa masika.

Kwa hiyo ukinunua seti yoyote ya namna hii, hicho kichupa kipe fundi viatu. Tumia gundi nyeupe ya maseremala, ile inayokauka ikawa haina rangi. Inachelewa, lakini haitoi mvuke wa hivyo. Na usizibe kizibo mapema. Iache chupa wazi siku kadhaa, wiki ikibidi, mpaka kila kitu kikauke. Funika mdomo kwa kitambaa chepesi tu, kwa sababu vumbi letu halibishi hodi.

Udongo wa buluu nao. Hewa ya huku ni kavu, nadhani waliotengeneza walifikiria nchi yenye mvua. Siku ya tatu bahari yangu ilipasuka. Nyufa kabisa, kama mbuga ya Bahi mwezi wa kumi. Safari ya pili nikaenda duka la vifaa vya ujenzi nikanunua puti, ile ya kushikia vioo vya madirisha, nikaikanda na rangi ya buluu na nyeupe kidogo. Puti ina mafuta, haipasuki ovyo. Inaingizwa vipande vidogo vidogo kama vidonge, unavigandamiza kwa spoki ya baiskeli uliyoipinda ncha. Spoki, jamani. Hicho kibano cha seti ni kizuri kwa picha, lakini hakifiki mwisho wa chupa! Kimepungua sentimita 4. Spoki tatu kwa fundi baiskeli nimepata kwa 1,500: moja nimeipinda kama ndoano, moja nimeiponda ncha iwe kama kijiko, moja ndiyo imeshika wembe.

Kidogo tu kuhusu ilikotoka kazi hii, maana kuna watu watauliza. Ni kazi ya mabaharia wa matanga wa Ulaya zaidi, safari za miezi, chupa tupu hazikosekani. Moja ya zile za zamani kabisa zilizobaki iko Lübeck, Ujerumani, ina tarehe ya 1784. Na kubwa iliyonifurahisha mimi ni ya Yinka Shonibare, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria: mwaka 2010 aliweka Trafalgar Square, London, chupa kubwa yenye mfano wa HMS Victory, meli ya vita ya Nelson, yule amirali wa Uingereza, na matanga yake yote 37 ni vitambaa vya maua na rangi, vile ambavyo sisi tungesema vitenge bila kusita. Sasa iko Greenwich, nje ya jumba la makumbusho ya bahari.

Nilipoiona hiyo nikajiuliza, mbona mimi nahangaika na meli ya milingoti mitatu ya watu? Hata sijui majina ya matanga yake. Nikaamua ya pili iwe jahazi.

Chupa sikuinunua. Hii ni ya asali. Mnaopita barabara ya Singida mnazijua, zimepangwa kando ya njia, asali ya Itigi na Manyoni ndani ya chupa zilizokuwa na pombe kali. Asali tumekula, chupa nikaiosha kwa maji ya moto mara tano, ndani ikabaki safi. Kioo chake, nawaambia ukweli, kinashinda cha seti. Cha seti kina mawimbi, ukitazama kwa pembeni mlingoti unaonekana umevunjika. Chupa za mvinyo wetu nilizijaribu kwanza, kwa heshima ya zabibu za Hombolo, ila nyingi ni za kijani, ukitia chombo ndani ni kama umekificha.

Bodi nimechonga kwa masalia ya mninga kutoka kwa seremala. Ni mgumu ule, msasa umenimalizia ngozi ya vidole. Mlingoti na foromali ni vijiti vya mishkaki. Tanga ni pindo la kanzu kuukuu. Karatasi inakunjika ikaacha alama, kitambaa chembamba kikifunguka ndani ya chupa kinatulia vizuri zaidi. Matundu ya bawaba nimetoboa kwa ncha ya sindano iliyopashwa moto, maana keekee ndogo kiasi hicho sikuipata mjini.

Sasa nina jirani, mzee wetu mmoja, mzaliwa wa Pangani, alihamia huku kikazi enzi hizo akabaki. Ujana wake aliupitisha kwenye vyombo. Nikampelekea jahazi likiwa bado nje ya chupa. Shikamoo mzee, marahaba, akavaa miwani, akalishika kwa vidole viwili. Akanyamaza muda. Kisha akasema, "Huu mlingoti umeusimamisha kama nguzo ya umeme."

Kumbe mlingoti wa jahazi unainamia omo. Hausimami wima. Na foromali yangu aliicheka, akasema fupi, hiyo ni ya ngalawa ya watoto. Foromali ya jahazi ni ndefu, inakaribia urefu wa chombo chenyewe. Nikarudi nyumbani nikatengeneza upya. Kuinamisha mlingoti kulikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa: nimechonga mshazari kitako cha mlingoti, upande wa mbele, basi ukivutwa unapita wima kidogo, unaegemea omo na kukwama hapo. Foromali ndiyo ilinitoa jasho. Chupa kwa ndani ina kipenyo cha milimita 68. Toa bahari, milimita 10. Toa bodi, 10 nyingine. Foromali ya urefu anaotaka mzee, ukiisimamisha kwa mshazari wake, ncha inagonga kioo cha juu. Na iligonga. Nimevuta uzi, tanga limepanda vizuri, halafu tik. Kimya. Nikavuta kidogo zaidi, foromali ikapinda kama upinde wa mshale. Nikalegeza, nikatoa chombo chote, nikapunguza milimita 7, nikaingiza tena. Kuingiza tena, ndugu zangu, ni pamoja na kuokota puti iliyonata kwenye mkuku, kule chini ya bodi.

Ila jahazi lina wema wake. Mlingoti mmoja, tanga moja, foromali inazunguka kwenye fundo hadi ilale sambamba na mlingoti. Nyuzi ni mbili tu: wa kusimamisha, na wa demani unaolivuta tanga nyuma. Meli ya seti ina nyuzi tisa, na zikisukana mle ndani unaweza kulia. Mimi sikulia, lakini nilitoka nje kutembea.

Haya, uamuzi. Seti naipa 6 kati ya 10. Bodi lililochongwa tayari na matundu yaliyotobolewa kwa mashine ni kazi safi, na kwa mtu ambaye hajawahi kuona bawaba ya milimita mbili, kuiona kwa macho ni somo ambalo picha haikupi. Kwa hilo tu sijutii. Gundi ni kosa, udongo haufai huku kwetu, kibano kifupi, kioo cha wastani, kizibo kimenyauka kabla sijakitumia. Kama mnaweza kuchangishana wawili watatu mkanunua moja, mkajifunza, fanyeni hivyo. La pili mtalitengeneza kwa vitu vya hapa hapa. Hili jahazi, ukiacha asali, halijafika 10,000.

Mtoto wa miaka kumi anaweza? Kuchonga na kupaka rangi ndiyo, wembe kwenye spoki hapana. Umeme ukikatika? Acha. Usijaribu kwa tochi ya simu, kioo kinang'aa huoni kitu. Kuuza siuzi, hili lina mwenyewe tayari.

Mwenyewe ni yule mzee. Jana jioni nilimpelekea alione. Nilikuwa na aibu kidogo, kwa sababu, mpwa wangu leta kamera hapa omo, mnaona huu uzi? Ndio ule wa kusimamisha mlingoti. Wembe uliteleza, nikakata mbali na kitundu, kikabaki kipande kinaning'inia mpaka majini. Nikajaribu mara nne kukifikia, nikaogopa kuangusha kazi yote. Nikamwambia mzee, samahani, hapa nimeharibu.

Akaisogeza chupa dirishani. "Wala hujaharibu. Hiyo ni amari. Chombo kimetia nanga."

Nikafurahi. Kisha nikatazama tena, nikamwambia, lakini mzee, tanga limepandishwa lote, limejaa upepo.

Akasema, "Basi nahodha wake Mgogo."