TAHADHARI: Silinda hedi za Peugeot 504 zilizozibwa nyufa, Tanga

Ndugu zangu mnaofufua magari ya zamani hapa Tanga, kuna muuzaji wa spea anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na kukutana na wateja jioni pale stendi ya Kange. Hana duka, laini ya simu anabadilisha kila mara. Ameniuzia silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) ya Peugeot 504 yenye ufa, na wenzangu wawili yamewakuta hayo hayo.

Gari ni la marehemu baba, liko chini ya mwarobaini nyumbani Chumbageni. Mimi ni mwajiriwa, nalishika Jumamosi mchana na Jumapili tu. Huyu bwana aliniuliza hilo kabla hata ya bei: "Kaka, gari unalifanya siku gani?" Nikadhani ananijali. Akaniletea hedi saa moja usiku, imepigwa rangi ya silva inang'aa, garantii siku saba. Nikamtumia laki nne.

Sasa nani mwenye wikiendi moja atafunga hedi ya 504 ndani ya siku saba? Slivu za injini hii (mabomba ambamo pistoni zinapanda na kushuka) zinakaa ndani ya maji. Ukishatoa hedi, usizungushe kranki (mhimili wa injini) kabla hujazibana slivu, la sivyo zinanyanyuka na maji yanashukia kwenye oili. Kusafisha uso wa bloku peke yake kulinimalizia Jumapili nzima. Nimekuja kuwasha wikiendi ya tatu. Rejeta ikatoa mapovu, na nilipochomoa dipstiki, kijiti cha kupimia oili, oili ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, yaani imechanganyika na maji.

Nikafungua upya. Nikaisugua hedi kwa petroli na brashi, silva ikatoka, na katikati ya vali mbili za silinda ya tatu pakaonekana kitu cha kijivu. Nilipokigusa kwa ncha ya bisibisi kikabanduka kama ukoko wa wali. Gundi ya chuma! Chini yake ufa, ukipitisha ukucha unanasa. Nikampigia, akasema garantii imeisha. Tangu hapo simu haipatikani.

Hedi hizi ni za alumini, gari likichemsha sana zinapinda au kupasuka. Iliyopakwa rangi msinunue kabisa. Iangalieni mchana, ioshwe kwa petroli mbele ya muuzaji, mlaze rula ya chuma juu yake muone kama mwanga unapenya chini ya rula, maana yake imepinda, na ipimwe presha karakana kabla hela haijatoka. Garantii iandikwe, na ihesabiwe kuanzia siku injini inawaka. Na siku mnazoshika gari msimtajie muuzaji.

Polisi nimeshatoa taarifa, ujumbe wa muamala ninao. Mliouziwa naye niandikieni tuunganishe malalamiko. Bado natafuta hedi ya injini ya cc 1971, ile ya silinda zenye kipenyo cha milimita 88, siyo ya cc 1796 yenye milimita 84. Aliye nayo nitamfuata, awe Muheza, Korogwe au Pangani, ila nitakuja mchana na petroli yangu ya kuoshea.