Tiketi ya TAZARA: daraja lipi la kununua kwenda Ifakara, Mbeya, Tunduma au Kapiri Mposhi

Basi linaloondoka Dar es Salaam alfajiri huingia Mbeya usiku uleule. Treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, hata ikienda vizuri, huchukua karibu saa 24 kufika Mbeya, na siku mbili hivi kufika New Kapiri Mposhi nchini Zambia, kilomita 1,860 kutoka Dar. Kwa safari ya namna hiyo pesa ya tiketi inalipia usingizi, mahali pa mzigo na mlango unaofungika, na ndivyo tulivyoyapanga madaraja hapa: usingizi kwanza, nauli baadaye.

La kwanza kwa anayevuka Makambako: kitanda cha daraja la kwanza

Chumba kina vitanda vinne, viwili chini na viwili juu, mlango unafungwa kwa ndani na matandiko hutolewa. Tofauti kubwa na daraja la pili ni nafasi ya kichwa: hapa mtu mzima anaweza kukaa wima kitandani.

Kosa linalowagharimu watu wengi liko hapa. Vyumba hugawanywa kwa jinsia, wanaume kwao na wanawake kwao. Mume na mke wakinunua vitanda viwili watatenganishwa, kila mmoja chumba chake, na kumbembeleza mhudumu wa behewa usiku hakusaidii ikiwa treni imejaa. Wanaotaka kukaa pamoja wanunue chumba kizima, yaani vitanda vyote vinne, na waseme hilo dirishani kabla tiketi haijakatwa. Familia ya watu watano au sita ipige hesabu mbili palepale: vitanda sita vya daraja la pili, au vinne vya daraja la kwanza huku watoto wadogo wakilala na wazazi. Uliza pia nauli ya mtoto kwa umri wake.

Kitanda gani? Cha chini kina nafasi ya begi chini yake na kinamfaa mzee au mama mwenye mtoto, ila mchana kinageuka benchi la chumba kizima, na ukitaka kujilaza saa nane mchana itabidi uwaombe wenzako wasogee. Cha juu kinayumba zaidi, lakini ni chako saa zote na kiko mbali na dirisha. Anayesafiri peke yake achukue cha juu. Ukipewa nafasi ya kuchagua chumba, omba cha katikati ya behewa. Magurudumu yako kwenye ncha mbili za behewa, na vyoo pia, hivyo vyumba vya mwisho hupata mtikisiko, harufu na milango inayogongwa usiku kucha.

La pili, na ndilo linalowafaa wengi: kitanda cha daraja la pili

Vitanda sita kwa chumba, vitatu kila upande. Unalala sawasawa na unaokoa pesa. Shida ni mchana, watu sita na mizigo yao wakigawana vitanda viwili vya chini, na kitanda cha katikati hakina raha: hukai wima, na kila anayepanda juu anapita kwako. Omba cha juu au cha chini mapema. Tiketi za Dar zikatwe siku kadhaa kabla, na mwezi wa Desemba au shule zinapofungwa, mapema zaidi. Anayepandia katikati ya njia, tuseme Ifakara au Makambako, anategemea vitanda vilivyobaki. Akikosa, anunue siti na amwone mhudumu baada ya kuondoka, kwani kuna watu wanaoshuka njiani.

La tatu: Super Seater

Siti pana kuliko za daraja la tatu, bila kitanda. Ni chaguo zuri kwa anayeshukia Kisaki, Mang'ula, Ifakara au Mlimba, vituo ambavyo treni inayotoka Dar alasiri huvifikia kati ya jioni na usiku. Kulipia kitanda kwa safari ya Kisaki ni kupoteza pesa. Kwenda Mbeya kwa siti inawezekana kwa kijana mwenye mzigo mdogo, lakini taa huwaka, watu hupanda na kushuka, na begi lako litakuwa juu ya kichwa cha mtu mwingine.

La mwisho: daraja la tatu

Nauli ndogo kuliko zote. Linafaa kwa mwendo wa saa chache. Zaidi ya hapo, siku za msongamano, hata njia ya kwenda chooni huzibwa na magunia.

Treni ipi

Ya haraka, Mukuba, husimama vituo vichache na nauli yake iko juu. Ya kawaida, Kilimanjaro, husimama karibu kila kituo. Kama unakwenda Mbeya au Zambia, lipa nyongeza ya Mukuba. Kama unashuka kituo kidogo, hakikisha kwanza inasimama hapo. Watu wa Bonde la Kilombero wana pia treni yao fupi wanayoiita Kipisi, ambayo masika ni mkombozi kwa vijiji ambavyo barabara yake imegeuka tope.

Kabla ya kulipa, uliza stesheni kama treni ya wiki hiyo ipo. Mkataba wa kuikarabati reli hii na kampuni ya China ulitiwa saini mwaka 2025, na kazi za njiani zinaweza kubadili siku na saa. Njia ni moja: treni ya mizigo ikikwama, kichwa cha treni kikiharibika au udongo ukiporomoka milimani wakati wa mvua, wote nyuma yake wanasubiri. Stesheni yenyewe ya Dar iko Barabara ya Nyerere. Ukienda stesheni ya reli ya kati mjini au ya SGR, reli mpya ya umeme, umepotea, na treni haitakusubiri.

Vya kubeba

Maji ya kunywa lita tatu kwa mtu hadi Mbeya, mara mbili yake hadi Kapiri. Behewa la chakula lipo, lakini treni ikichelewa sana vyakula huisha na maji ya bomba hukauka, hivyo beba mkate, karanga, karatasi za chooni na dumu dogo la kunawia. Noti ndogo za kununulia ndizi na mayai dirishani. Pawabenki iliyojaa, maana mtandao hukatika ndani ya Hifadhi ya Nyerere na milimani. Sweta au blanketi: Dar utaondoka na jasho, lakini kutoka Mlimba njia hupanda zaidi ya mita elfu moja hadi Makambako, kwa madaraja na mahandaki, na Uyole karibu na Mbeya ndicho kilele cha reli nzima, mita 1,789. Usiku huko ni baridi kali. Funga dirisha kabla treni haijaingia kituoni, na simu isikae mezani.

Ukielekea Mbeya, kaa kulia upate milima ya Udzungwa. Kushoto ni bonde la Kilombero.

Kwa wanaovuka mpaka

Beba pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Maofisa wa uhamiaji hupanda ndani ya treni Tunduma, na Nakonde upande wa Zambia. Wabadili pesa nao hupanda: badilisha kiasi cha chakula tu, uhesabu kwacha mkononi kabla hujatoa shilingi. Saa ya Zambia iko saa moja nyuma ya Tanzania, na tiketi ya kurudi kutoka Kapiri husomwa kwa saa ya huko. Usikate tiketi ya basi la Lusaka, kilomita 200 hivi mbele, kwa siku ileile ya kufika. Treni ikiingia usiku wa manane, subiri stesheni hadi kuche ndipo utafute usafiri.