Chaneli za Michezo Mtandaoni: Umwachie Mtoto au Umnyang'anye Simu?

Haya wapenzi watazamaji, hamjambo? Karibuni tena. Feni nimeizima kwa ajili ya maikrofoni hii mpya, inanasa kila kitu, kwa hivyo mkiniona natiririka jasho jueni ni joto la Kisauni, hapa Mombasa, simwogopi mtu. Leo sichambui simu wala spika. Mmenisumbua sana nyie wazazi, likizo hii yote: tufanyie chaneli za michezo, watoto wazitazama kutwa, tuwaachie ama vipi?

Sasa yale ya kawaida nayapita. Kwamba YouTube yataka mwenye akaunti awe na miaka 13, kwamba mtoto ashika simu yako na akaunti yako, kwa hivyo mtandao wadhani ni wewe baba mzima unayetazama. Hayo mwayajua. Mie nina kitu kimoja tu leo, na kimenikera kwelikweli. Msitoke, nitawaonyesha kwenye skrini.

Lakini nianze na kizuri nisije nikaambiwa nina chuki. Chaneli ya Olimpiki. Mashaallah! Mtafutie mtoto fainali ya mita 800, London 2012, David Rudisha. Anaongoza tangu mwanzo, hamngoji mtu, 1:40.91, rekodi ya dunia. Hata dakika mbili hazifiki. Mtoto wa dada yangu aliitazama hiyo, akatoka nje, akawa azunguka tangi la maji mpaka nyanya yake akampigia kelele. Halafu nikamwekea Faith Kipyegon, mita 1500, dhahabu Rio, dhahabu Tokyo, dhahabu Paris. Na mtangazaji muda wote atangaza mbio. Mbio tu. Likumbukeni hilo.

Mieleka? Wale WWE wenyewe wawaambia watu wasijaribu nyumbani, lakini mtoto onyo halioni, aona kitanda na mdogo wake amelala hapo chini. Mie wadogo siwawekei. Tusonge.

Njooni huku sasa. Hii hapa ni chaneli ya uchambuzi wa mpira. Jina nimelifunika, sitaki ugomvi, na za namna hii ziko tele. Kichwa cha video chasema utabiri wa wikendi. Kijana wetu yuko gredi ya tano, Arsenal damu, na hii ndiyo aipendayo. Nabonyeza. Salamu, muziki, sawa. Sikilizeni: «Familia, kabla sijaanza, kiungo kiko hapo chini, ingia na promokodi yangu uchukue bonasi.» Nasimamisha hapo hapo. Angalia pembe ya juu kulia: nembo ya kampuni ya kamari. Nyuma ya kiti chake: bango. Kifuani: fulana, nembo ile ile. Nateremsha kwenye maoni, la kwanza limebandikwa juu kabisa: «Mkeka wa leo, odi 12, njoo Telegram.» Mkeka ni orodha ya mechi za kubetia, odi ni mara ngapi pesa yako yazidishwa ukipatia. Na mechi bado hajaitaja!

Naendelea. Sasa achambua, na haki yake tumpe, mpira aujua. Asema beki wa kushoto ameumia, anayeingia ni kijana, winga wa upande ule atamsumbua. Safi kabisa, hata mie nimejifunza. Halafu, bila hata kuvuta pumzi: «Kwa hivyo hapa weka kona zaidi ya tisa.» Ngoja nirudishe. Msitazame, sikilizeni tu sauti yake. «...winga atamsumbua, kwa hivyo hapa weka kona zaidi ya tisa.» Sauti haijabadilika! Jeraha la beki na pesa ya kuweka, vyote vimetoka kwa pumzi moja. Mtoto hana pa kujua kwamba uchambuzi umeishia hapa na kamari imeanzia pale. Juzi aniuliza, «Mjomba, mabao mawili na nusu yafungwaje? Hiyo nusu yaingia vipi?» Hiyo ni lugha ya kubeti: «zaidi ya mabao mawili na nusu», yaani matatu kwenda juu. Nikacheka, kisha kicheko kikanikauka.

Najua kuna mtu hapo aandika «si kuna vichujio?» Vipo bwana. YouTube Kids ipo tangu 2015, na tangu 2021 waweza kumfungulia mtoto akaunti unayoisimamia wewe, ukachagua kiwango cha video anazoruhusiwa kuona. Nimeitumia, ni nzuri, na mbona wengi wenu hamjaiweka? Lakini tangazo linalokatiza video ni jambo moja, mdomo wa mwenye video ni jambo lingine. Machi 2025 YouTube walikaza kanuni: kutaja, kuweka kiungo au nembo ya kampuni ya kamari ambayo Google haijaiidhinisha, marufuku. Video za kasino za mtandaoni zikafungiwa walio chini ya miaka 18. Mikeka ya mpira? Hiyo haikutiwa kwenye kizuizi hicho cha umri. Ilhali kwa sheria ya Kenya mwenye miaka kumi haruhusiwi kubeti hata shilingi.

Runinga yetu hii tunayoidharau ina utaratibu. Kuanzia saa 11 alfajiri mpaka saa 4 usiku vipindi vyapaswa kufaa familia. Na Aprili 2025 serikali ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Mtandaoni mtoto hana saa 4 usiku, kila saa ni saa yake. Hata video rasmi za mabao ya Uingereza, ambazo mie nazipitisha, zina jezi zenye nembo za kamari. Klabu za Ligi Kuu zilikubaliana mwaka 2023 kuondoa kampuni za kamari kifuani mwisho wa msimu wa 2025/26. Mikononi je? Mikono haikuguswa.

Habari za chaneli kidogo: kampuni moja ya kubeti imeniandikia, yataka niseme maneno mawili tu mwanzo wa video. Pesa yao yanunua maikrofoni hizi kadhaa. Nimewaambia hapana. Kwa hivyo yule wa utabiri simwoni shetani, kodi ya nyumba naijua. Lakini kwa mwanangu hapiti.

Basi, mbio na michezo ya Olimpiki, mwachie. Mabao rasmi, mwachie, ila zima kile kitufe cha kucheza video inayofuata yenyewe, maana hapo ndipo atokapo kwenye bao akaangukia kwenye mkeka. Zile za kufundisha chenga na kupiga danadana nazipenda kuliko zote, mtoto atazama kidogo kisha aenda Uwanja wa Mbuzi kujaribu na wenzake, na bando lako labaki. Shusha ubora wa picha hadi 360 pia, mpira waonekana vizuri tu. Chaneli za mashabiki wanaotukanana timu ikifungwa, hapo mie na mke wangu hatujaafikiana. Yeye asema mtoto huyasikia zaidi stejini Mwembe Tayari. Utabiri wa mechi: hapana. Sibembelezi.

Niandikieni hapo chini chaneli ambayo mtoto wako aitazama sana, nitafungua mbili tatu nizipitie hapa kwa sauti. Na maoni ya kwanza mkiona limebandikwa, ni mie, ni hatua za kuweka ile akaunti ya mtoto. Jumamosi nina spika za kutoka Kongowea, muuzaji asema bei imepanda. Tutaona kama na sauti imepanda.