Meli kongwe ya Pemba: ipandeni kabla haijastaafishwa

Ukiwa na haraka ya kufika Mkoani, bandari ya Pemba, panda boti ya mwendo kasi, huku usije. Meli hii inajikongoja. Lakini sisi wapenzi wa vyombo, tunaoijua kwa honi tu hata ingali nyuma ya kisiwa cha Changuu, karibu na mji wa Unguja, tunaipanda makusudi siku hizi, maana tumesikia inakaribia kupumzishwa.

Kaeni sitaha ya juu, upande wa tezi, yaani nyuma. Rangi imepakwa juu ya kutu mara nyingi mpaka vyuma vya ngazi vimenenepa, ukishika unahisi mabonge. Mkondo wa Nungwi ukiikamata, hulala upande taratibu kisha ikanyanyuka, na wazee wanaendelea na karata zao. Msimu wa karafuu ndio wenyewe: magunia yakijaa chini, harufu yake hupanda hadi juu, dizeli ikasalimu amri.

Majaketi ya kuokolea ulizeni yalipo kabla ya kuondoka. Tangu meli ya Spice Islander izame Septemba 2011, hilo si la kuonea haya.

Chai ya tangawizi nzuri, bei si mbaya. Nyota nne. Ya tano imekwama chooni. Mkaingie cha bandarini kwanza.