Path of Exile: ninavyopanga safari ya baada ya kampeni

Wengi wakimaliza sura kumi za kampeni ya Path of Exile hudhani kilichobaki ni kuzungukazunguka. Mimi naona kinyume chake: gemu yenyewe inaanza unapofungua ramani ya kwanza ya Atlas, mfumo wa ramani za kupigania baada ya kampeni, na asiyejua anakwenda wapi huchoka hapohapo. Nimeshacheza ligi kadhaa, na sijakutana na gemu nyingine ya aina hii inayomlipa mpangaji kiasi hiki. Kila baada ya miezi michache ligi mpya inakuja, wote tunaanza sifuri, na mpango wako unapimwa upya.

Ninachopanga kwanza ni kinga, damaji inafuata. Kampeni ikiisha, mhusika wako anakuwa ameshakatwa asilimia 60 kwenye kinga ya moto, baridi na umeme. Kikomo cha kawaida ni 75. Piga hesabu: mavazi, vito na mti wa ujuzi vikupe 135 kwa kila moja ndipo ufike hapo. Ukikimbilia ramani kubwa na kinga ya umeme ya 30 utakufa tu, na kwenye hatua hii kila kifo kinakula asilimia 10 ya pointi za uzoefu zinazohitajika kupanda leveli inayofuata. Ukishavuka leveli ya 90, hiyo ni jioni nzima imepotea.

Hesabu zote nazifanya kwenye Path of Building, programu ya bure iliyotengenezwa na wachezaji wenyewe. Ukishaipakua haili bando, na kwa sisi tunaonunua GB kwa kupima hilo si jambo dogo. Unahamisha pointi kwenye mti wenye vituo zaidi ya 1,300 na namba za pembeni zinabadilika palepale. Ila kuwa makini na ukurasa wa mipangilio. Ukiweka alama kwamba adui amelaaniwa, amepigwa shoti, na chaji zako zimejaa, damaji itapaa hadi mamilioni kwenye skrini halafu bosi akudharau. Mimi natoa alama ya kila kitu ambacho mhusika wangu hawezi kukishikilia muda wote, kisha naweka bosi wa ngazi ya juu kama adui. Namba inayobaki ndiyo ninayoiamini.

Sasa Atlas, mahali ninapopapenda kuliko pote. Nayo ina mti wake wa pointi, na unazipata kwa kumaliza ramani mpya. Kishawishi ni kugusa kila changamoto inayotokea ndani ya ramani: Ritual kidogo, Expedition kidogo, Legion kidogo. Usifanye hivyo. Chagua kitu kimoja na umwage pointi zako humo.

Mimi mwanzoni mwa ligi huchagua Essence, malighafi ya kutengenezea vifaa. Unamkuta adui amefungwa ndani ya kioo, amesimama kama sanamu. Unasoma majina ya Essence zilizomshika. Zikiwa za maana, unaweza kwanza kutumia kitu kiitwacho Remnant of Corruption, na wakati mwingine zinapanda daraja. Kisha unabofya, kioo kinapasuka, na anatoka na hasira zote. Uzuri wake ni kwamba huhitaji mhusika wa kutisha, na bidhaa haikosi wateja, kwa sababu kila Essence inahakikisha sifa fulani kwenye kifaa unachotengeneza, na siku za mwanzo kila mtu anatengeneza vifaa. Tatu za aina moja unazigeuza kuwa moja ya daraja la juu. Kuuza nako kumerahisishwa sana: tangu Julai 2024 kuna soko la Faustus, mfanyabiashara wa ndani ya gemu; unaweka bei, unalipa ada ya dhahabu, unaendelea na ramani zako bila kumsubiri mnunuzi.

Mti wa Atlas una pia vituo vinavyozuia vitu fulani visitokee kabisa. Navichukua bila kusita. Kitu usichokihitaji kinakuchelewesha tu.

Kwa anayecheza kutoka Afrika Mashariki, jaribu seva ya Afrika Kusini na za Ulaya, ulinganishe ucheleweshaji kabla ya kuchagua, hasa ukipigana na mabosi. Gemu ni bure. Ukiamua kutoa hela, anza na kabati la Currency, la kuhifadhia sarafu za gemu. Ya urembo yatasubiri.

Mgeni atateseka na wingi wa mambo ambayo gemu haimwelezi, na hilo linafukuza watu ambao wangeipenda. Kwa hilo nakata nyota moja kati ya tano.

Mabosi nawaachia awamu ya pili. Kumfikia Shaper, mmoja wa mabosi wakubwa, unahitaji vipande vinne, kimoja kutoka kwa kila mlinzi wake: Minotaur, Chimera, Phoenix na Hydra. Vipande hivyo vinauzika. Kwa hiyo mhusika wangu akiwa bado anatetereka mbele ya walinzi, nauza seti nzima na hela inakwenda kwenye silaha. Siku akiwaangusha wote wanne bila kufa, seti inayofuata siiuzi.