Nimelipia ndege, nikasindikiza petroli

Ilikuwa vuli hii, mvua zimeanza kunyesha kwa kukatakata. Wakati huo mbayuwayu wa Ulaya wanakuwa wameshafika ziwani, na mimi kukaa ndani siwezi. Nikakodi boti ya jamaa mmoja hapa Mwanza, masaa mawili, kutazama ndege tu. Tutoke alfajiri, tukizunguke kisiwa cha Saanane kwa mbali, turudi kupitia kwenye mafunjo. Tukapeana mikono.

Hata usawa wa kisiwa hatujafika, akageuza. "Bosi, tunapitia hapo mara moja." Hapo penyewe ni mwaloni, wavuvi wanaposhushia samaki. Kumbe chini ya turubai, pale nilipoegemeza begi langu, kuna madumu matatu ya petroli ya mtu! Hiyo mara moja ikawa dakika arobaini. Kashusha madumu, kadai hela yake, kabishania bei ya sangara, na chai akanywa. Mimi nimeketi botini, darubini shingoni, jua linapanda, na mpenzi yeyote wa ndege anajua jua likishapanda shughuli imekwisha. Kulalamika, ananijibu bila hata kunitazama: "Ndege si wapo siku zote?"

Mikono ilinitetemeka.

Sasa kinachoniudhi zaidi ni hiki. Pale pale mwaloni, makongoti wamejipanga kama wazee wa baraza wakingoja utumbo wa samaki. Yangeyange wanadokoa dagaa walioanikwa, mama mmoja anawarushia ndala. Na mdiria, yule mweusi kwa mweupe, akasimama hewani hatua tano tu kutoka nilipo: mabawa yanachapa, kichwa kimetulia tuli. Chubwi! Kaibuka na furu, katua kwenye ncha ya mtumbwi wa jirani, akawa anampigiza ubaoni, pa, pa, pa, kabla ya kummeza. Miaka yote ninayowafuata midiria sijawahi kumwona mmoja karibu hivyo.

Jamaa anarudi, ananikuta nimeduwaa. "Si nilikwambia?"

Hakuniambia lolote!

Mafunjo hatukuyafika, eti muda umeisha. Nikamkata nusu ya hela, akasonya, nikaona aibu, nikamwongeza kidogo. Huduma mbovu, msimpe hela zenu. Ila mkimpata, mwambieni awapeleke mwaloni kwanza, na kabla hamjapanda funueni lile turubai.